Bundi Mgongoni mwa Armel

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na tatu. Hapana, ngoja, nisije nikawapoteza tangu mlangoni. Kumi na tatu ndio mwaka ambao paa la ukumbi lilivuja, watu wakacheza na ndoo katikati. Jambo hili ni la kumi na tano, Pasaka ilipokwisha tu, maana Henriette alikuwa bado na magauni ya watoto ya sikukuu ambayo wenyewe hawakuja kuyachukua. Yalining'inia ukutani yamepigwa pasi, na ni yale magauni yaliyomtia hofu kabla ya maneno ya mtu yeyote.

Henriette alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa katikati ya jiji la Durban, kwenye kona ya saluni ya Wakongo, kati ya sinki la kuoshea nywele na meza ya fundi simu. Dirisha lilikuwa limebandikwa picha za misuko, hata mpita njia aliona miguu yake tu ikikanyaga. Alikuwa Mrundi wa Bujumbura, amekulia kambini upande wa Kigoma, akajifunzia kushona huko, kisha akashuka na mabasi nchi baada ya nchi. Mwenyewe alipenda kusema, "Mimi sikuja Durban. Nilikuwa naenda tu, bahari ikaniambia basi."

Njia yote hiyo alikuwa amemshika mkono mdogo wake, Armel. Mama yao alipokuwa anakata roho kambini hakusema mengi. Alisema, "Henriette, huyu usimwache nyuma." Basi hakumwacha. Wachumba walikuja, walikuja vizuri tu, lakini kila aliyeuliza "Na huyu naye?" akimnyooshea Armel kidole, posa yake iliishia palepale.

Armel alikua akawa mrefu, mwembamba, mpole wa sauti na mkaidi wa moyo. Alipakia mizigo ghalani kule Mobeni kwenye viwanda, na alipanga chumba Cato Manor, nyuma ya nyumba ya mama mmoja wa Kizulu aitwaye MaNgidi. Wiki nzima alivaa ovaroli ya bluu kama wenzake, na usingemtofautisha. Jumapili ndipo ungemjua.

Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani, palikuwa na ukumbi Mobeni juu ya ghala la magodoro. Hapakuwa na bango. Ngazi ya chuma kwa nyuma, mlango usio na rangi, na ndani yake meza, mashine ya santuri, na Papa Fazel amekaa kama kadhi. Papa Fazel alizaliwa Durban hapohapo, katika wale Waislamu ambao mababu zao waliletwa zamani kutoka pande zetu, na mpaka leo wanaitwa Wazanzibari. Kiswahili chake kilikuwa kama kanzu ya urithi, kizuri lakini kimempwaya. Ujanani alifanya kazi bandarini, na baharia mmoja Mwingereza akamwachia mkoba wa santuri za soul, nyimbo za Waamerika weusi ambao hata kwao hawakupata jina. Muziki wa mbio ule. Ngoma inapiga kama moyo wa mtu anayefukuzwa, na juu yake mtu analilia mapenzi.

Watu wale walikuwa na mavazi yao. Suruali za bugaluu, pana chini hata kiatu hakionekani, ili mtu akizunguka zizunguke naye. Wanawake, sketi za duara. Viatu vya soli ya ngozi, kamwe si raba. Taulo ndogo kiunoni ya kufutia jasho. Na poda: kabla ya wimbo wa kwanza Armel alipita akinyunyiza poda ya watoto sakafuni, kwa sababu soli ya ngozi juu ya poda haikanyagi, inateleza. Mwisho wa mchana pindo za suruali zote zilikuwa nyeupe, na ukikutana na mtu kituo cha taxi, zile daladala za kule, Jumapili jioni ana pindo nyeupe, ulijua katoka wapi, na hukuuliza. Nguo nyingi za pale zilitoka mkononi mwa Henriette.

Lakini alama yao kubwa ilikuwa mgongoni mwa koti. Bundi.

Alikuwapo kwenye ule mkoba wa baharia, kitambaa cha duara kilichoshonwa ubavuni, macho mawili ya njano. Papa Fazel alipotaka watu wote wawe naye, Henriette alikataa hata kukigusa kile kitambaa.

"Papa Fazel, huyu ni ndege wa msiba. Kwetu akilia juu ya nyumba, watu wanaanza kutafuta sanda."

"Kwa bibi yangu vilevile," alisema mzee. "Lakini baharia alisema, kwao wanacheza usiku wote, asubuhi giza bado, wanarudi nyumbani. Bundi anaona njia. Bundi anafika."

Jecha, Mtanzania mmoja aliyekuwa hawezi kukaa bila kutania, akadakia, "Mshone tu, dada. Kwani sisi hapa ni nini? Tukitua kwenye paa la mtu, si anaita polisi?"

Watu wakacheka, Henriette naye akacheka, na kwa kicheko kile akawa amekubali.

Wakajiwekea na desturi, na desturi ile ndiyo kisa chenyewe. Mtu hajishonei bundi. Anashonewa na yule anayemsubiri arudi, awe mke, ndugu au rafiki, hata kama mshono utapinda. Na bundi akishashonwa hafumuliwi maadamu mwenyewe yu hai. Siku akifa, aliyemshonea anamfumua na kumbandika kwenye mkoba wa santuri, mashine inazimwa, na wote wanageuza makoti yao, bitana nje. Mkobani walikuwapo bundi wa namna hiyo. Mmoja alikuwa wa Ciza, binamu yao Henriette na Armel, aliyegongwa na lori karibu na robot, taa za barabarani, akivuka kwenda kazini. Henriette ndiye aliyemfumua, na alilia mpaka uzi ukamponyoka.

Wa Armel alimshona yeye pia, kwa uzi mwekundu, mishono mifupi iliyobanana kama punje za mchele.

Sasa rudi kwenye yale magauni ya Pasaka.

Wiki ile wateja walipungua kama maji ya bomba asubuhi. Mama mmoja aliyekuja kupimwa kiuno alisimama mikono juu, mpole kabisa, akauliza, "Na nyinyi mnaondoka lini?" Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua. Henriette alijibu hajui, akaandika kipimo. Wakongo wa saluni wakaanza kufunga nusu ya mlango wa chuma hata jua likiwa utosini, na mtu akipiga mluzi barabarani, misuko ilisimama vidoleni. Mitaani ilikuwa ikisemwa wageni waondoke, na lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kurudi nako hakukuwapo, maana simu za Bujumbura zilikuwa zikisema kwao pia panatokota.

Alhamisi akaja MaNgidi. Alikuwa ameshika aproni iliyochanika mfuko, lakini mfuko wenyewe ulikuwa umechanwa kwa makusudi, Henriette aliuona mchano wa kisu. Mama yule mnene, mwenye kutembea kwa taratibu, alikaa kwenye kiti cha kuoshea nywele akangoja fundi simu atoke. Kisha akasema kwa Kizulu, naye Henriette alikuwa amekwisha kukijua Kizulu cha sokoni:

"Mntanami, mwanangu, mdogo wako wamemtaja kwenye mkutano wa mtaa."

"Wamemtaja vipi, mama?"

"Jina hawalijui. Wanasema yule wa bundi. Mtoto wa nyumba ya jirani anaumwa, homa haishuki. Wanasema alimwona huyo ndege akipita mgongoni mwa mgeni, akaanguka." Akaikunja aproni, akaikunjua. "Mimi sisemi ni kweli. Nakwambia wanavyosema. Bundi ni wa mchawi, hata mtoto mdogo huku anajua hilo. Wageni wako wengi, hawawezi kuwakumbuka wote kwa sura. Yeye wanamkumbuka kwa ndege. Mtoe."

"Nitamwambia."

"Usimwambie. Mtoe."

Henriette alimwambia. Angefanya nini? Armel alipopita saluni baada ya kazi, akamkalisha kati ya magauni, akamweleza yote. Armel alisikiliza akisokota ncha ya utepe wa kupimia kidoleni.

"Yaya," alisema, kama alivyomwita dada yake tangu utotoni, "ukimtoa umenizika."

"Mambo yakipoa nitakushonea tena."

"Hakuna tena. Umewahi kuona maiti anarudishiwa bundi wake?"

"Ni kitambaa, Armel! Kitambaa na uzi!"

"Kama ni kitambaa, mbona ulilia kwa Ciza?"

Armel akalainika, akamshika bega. "Eish, yaya, usiogope hivyo. Koti nalitia mkobani njiani, navaa nikifika. Nani ataona?"

"Wamekwisha kuona!"

"Bon. Basi wameona. Nikilivua sasa, si watasema kweli ni mchawi, kaficha ndege wake?" Akacheka peke yake. "Mimi huku sina kitu chochote kinachosema kuna mtu ananisubiri. Niko na huyo tu."

Akaondoka. Henriette akabaki amekaa, mguu juu ya kanyagio, bila kukanyaga. Masikioni alikuwa anasikia sauti mbili, ya mama yake kambini na ya MaNgidi, na zote zilisema kitu kimoja.

Jumapili Armel alikuja kula kwake kama kawaida, ugali na lengalenga, mchicha wa kwao. Mkoba wake aliuweka juu ya kitanda, akaenda kuoga bafu la pamoja lililo mwisho wa korido. Henriette alisikia maji yakifunguliwa. Akatoa koti, akalilaza mapajani, akachukua kile chuma kidogo cha kufumulia. Alikata uzi wake mwenyewe, mshono kwa mshono, na kila mmoja ulitoa sauti ndogo ambayo aliiona kubwa kuliko maji. Bundi alipobanduka, palibaki duara la kitambaa jeusi zaidi, mahali jua lilikuwa halijafika, limezungukwa na vitundu. Akalikunja koti mgongo ndani, akalirudisha. Bundi akamtia kifuani.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Armel hutangulia kwa ajili ya poda. Yeye angefuata nyuma yake, angemnong'oneza Papa Fazel kabla ya wimbo wa kwanza, mzee angeelewa, angesema neno la kumtuliza, mambo yangekwisha. Lakini taxi siku ile hazikwenda kama siku zote. Dereva alizunguka mbali, akikwepa mtaa mmoja na mwingine bila kueleza, na ndani ya gari hakuna aliyeongea Kiswahili wala Kifaransa kwa sauti. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto alimziba mtoto mdomo kwa kiganja alipotaka kusema kitu. Henriette alipofika chini ya ngazi ya chuma alisikia juu ngoma imekwisha kuanza.

Akapanda mbio. Akafungua.

Armel alikuwa katikati, koti amelivaa ngoma ilipoanza tu. Walikuwa wamempisha, kama walivyompisha kila mara, maana hakuna aliyezunguka kama yeye. Alijitupa nyuma, kiganja kikagusa poda, akainuka, akazunguka, bugaluu zikafunguka kama miavuli. Na kila alipozunguka mgongo wake uliwapitia wote, mmoja mmoja, na lile duara jeusi tupu.

Mwanamke mmoja alipiga ukemi akajiziba. Jecha, yule wa mizaha, alikuwa wa kwanza kuvua koti na kuligeuza. Alifanya bila kufikiri, kama mtu anayejipiga ishara ya msalaba akikutana na jeneza. Mwingine naye akageuza. Bitana zikaanza kutokea ukumbini, nyekundu, kijivu, za maua. Papa Fazel akainua mkono wa mashine, muziki ukakatika.

Armel alizunguka mara moja zaidi bila muziki, kisha akasimama. Akaziona bitana.

"Nani amekufa?"

Akawaangalia, akacheka kidogo. "Jecha, grand, kaka yangu, nani amekufa? Ongea basi, wewe mdomo hauna breki."

Jecha akatazama viatu vyake. "Pole, ndugu yangu," alisema, na hapo hapo akaonekana kushangaa amempa nani pole.

Armel akapeleka mkono mgongoni taratibu. Vidole vikatafuta, vikapapasa duara, vikagusa vitundu. Akageuka mlangoni. Henriette alikuwa bado ameshika kitasa.

"Wewe?"

"Mimi." Akamtoa bundi kifuani. "Armel, nilitaka ufike nyumbani. Leo tu ufike. Papa Fazel, mwambie. Mwambie hii haihesabiki."

Akamwekea mzee kitambaa mezani, kando ya mkoba. Papa Fazel hakukigusa. Midomo yake ilisogea, ama alikuwa anaomba, ama alikuwa anatafuta Kiswahili na hakipati.

"Mimi sibandiki," alisema mwishowe. "Kijana huyu anapumua. Sibandiki. Lakini..." Akaangalia zile bitana.

"Sasa yaya," alisema Armel, kwa ile sauti yake ya chini, bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Henriette mpaka leo, "mtu akishafumuliwa na dada yake, analala wapi?"

Akampita. Akashuka ngazi. Henriette alimfuata mpaka chini akimwita, lakini miguu mirefu ni miguu mirefu. Aliona nyayo za poda kwenye vyuma vya ngazi, nyeupe, kisha kwenye lami, za kijivu, kisha kwenye kona ya ghala zikaisha. Zilikuwa zimeelekea upande ambao si wa Cato Manor wala si wa mjini. Aliporudi juu, watu walikuwa wakikusanya vitu vyao haraka haraka, hakuna anayetazamana na mwenzake. Pale mezani bundi hakuwapo.

Wiki hiyohiyo likatokea lile ambalo magauni yalikuwa yamelitangaza, wageni wakapigwa na kufukuzwa majumbani. Zaidi sitaeleza, waliokuwapo wanalijua na wasiokuwapo walisikia. Mlango wa saluni ulifungwa wote. Henriette alilala kwenye mahema uwanjani na wengine, akiuliza kila lori la watu lililoingia, "Armel? Mrefu, ana suruali pana?" Fundi simu alimwona mtu Mobeni, kumbe si yeye. MaNgidi alikuja hadi uzio wa mahema na mkate ndani ya kanga, akasimama upande wa nje.

"Walikuja Jumapili jioni," alisema. "Wengi. Walimtaka wa bundi. Nikawafungulia chumba, waone kitupu. Walikaa wakamngoja mpaka wakachoka."

"Hakuja?"

"Hakuja, mntanami."

Henriette akashika waya wa uzio. Hakujua ashukuru au alie. Kama asingefumua, Armel angerudi kwake jioni ile, na wangemkuta. Alifumua, hakurudi. Alijaribu kuliweka wazo hilo kifuani likae kama faraja, nalo halikukaa. Siku zote liliamka na swali lake: amefika wapi?

Na yule mtoto mgonjwa wa jirani alipona, alisema MaNgidi. Ilikuwa homa tu.

Mahema yalipovunjwa Henriette alirudi kwenye cherehani. Magauni ya Pasaka aliyakuta palepale, yana vumbi. Ukumbi haukufunguliwa kwa muda mrefu. Ulipofunguliwa, asubuhi ya Jumapili, Papa Fazel alikuwa wa kwanza kufika, na alikuta koti la Armel, lile aliloondoka nalo, limening'inizwa kwenye ngazi ya chuma. Akalileta mjini mwenyewe, amelikumbatia mbele kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mtoto aliyelala.

Lilikuwa limefuliwa. Mfukoni palikuwa na poda kidogo iliyogandamana kwenye mshono. Henriette aliligeuza, akakaa juu ya nguo za watu. Bundi alikuwa mgongoni. Yuleyule, jicho moja la njano limechubuka kidogo mahali alipolijua. Lakini uzi haukuwa mwekundu. Ulikuwa uzi wa bluu, mnene, wa kushonea magunia au viatu, na mishono ilikuwa mirefu, imelala upande mmoja, imekazwa kwa nguvu hata kitambaa kimekunjana. Mtu hakujua kushona, lakini alishona kwa kudhamiria.

"Si mkono wake," alisema Henriette. "Armel hawezi kujishonea. Asingekubali kujishonea."

"Basi kuna anayemsubiri," alisema Papa Fazel.

"Kama anamsubiri, mbona koti liko huku?"

Mzee alivua kofia, akaitazama, akaivaa tena.

Henriette hakulifumua. Lipo mpaka leo kwenye ile kona, ndani ya mfuko wa plastiki, na mteja akisema "Hilo zuri, unauza?" anajibu mwenyewe atakuja. Mimi mzee ninayepitapita nimelishika kwa mikono yangu. Na kwa kuwa sina kazi nyingine, nimetembea nikiuliza: Mobeni getini, Cato Manor kwa MaNgidi, kwa Jecha ambaye hatanii tena, kwa mafundi viatu wa mjini wenye uzi wa bluu. Wengine wamenitazama, wengine wameniambia nikapumzike, mzee. Niliuliza neno moja tu.

Nani alimshonea?